Mbwa wa "mbegu adimu": mkague yeye, mkague na anayemuuza

Matangazo yenyewe yanafanana. Picha ya mtoto wa mbwa mwenye manyoya ya mawingu-mawingu na jicho moja la bluu, kalazwa juu ya zulia safi, na chini yake maandishi: mbegu adimu, Tanzania hii hawapo, wamebaki wawili, Dar unaletewa mpaka mlangoni, mikoani tunatuma kwa basi. Bei ni ya pikipiki. Huku Nyanda za Juu Kusini matangazo haya yanapata wateja kwa sababu inayoeleweka. Watu wamejenga, wana mashamba ya parachichi Njombe na Rungwe, wana mbao Mafinga, wana maduka Mwanjelwa, na wezi wapo. Mtu anataka mbwa wa maana. Muuzaji anajua hilo, na anajua pia kwamba mnunuzi wa Tukuyu hawezi kupanda basi mpaka Dar kwenda kumwona mtoto wa mbwa kabla hajalipa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo mnunuzi, na kwa ajili ya mbwa pia. Hela ikipotea inauma, lakini inatafutwa nyingine. Mbwa aliyezalishwa kiziwi ili apatikane wa rangi ya kuuzika, hakuna wa kumrudishia masikio yake.

Hatua ya 1: Amua kazi ya mbwa kabla ya kuangalia picha

Kaa na wenzako nyumbani mjibu: mbwa ni wa kulinda, wa kukaa na watoto, au wa shambani? Nani atampikia? Uzio upo? Nyumba iko wapi? Mbwa mdogo mwenye manyoya mepesi atateseka na baridi ya Makete na Njombe ya mwezi wa sita na wa saba, na mbwa mwenye manyoya mazito ya milima ya Ulaya atahema mchana kutwa akipelekwa Kyela au Usangu. Ukijibu haya kwanza, nusu ya matangazo yanajiondoa yenyewe.

Niseme na hili mapema: kwa ulinzi wa kawaida wa nyumba, mbwa wetu wa kienyeji aliyechanjwa, akalishwa vizuri na kufundishwa tangu mdogo, anafanya kazi. Tunamwita koko na kumpa makombo, halafu tunashangaa kwa nini amekonda.

Hatua ya 2: Jua mbegu ni kitu gani, ili jina lisikutishe

Mbegu ya mbwa ni ukoo uliopandishwa wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi vingi, mpaka ukichukua dume na jike unajua watoto watakuwa na umbo gani, ukubwa gani na tabia gani. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lililoanzishwa mwaka 1911 na lenye makao Thuin huko Ubelgiji, linatambua mbegu kama 350, na kila moja ina maelezo yake ya maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma mtandaoni. Zipo mbegu za kweli ambazo hazimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kutokuwemo pekee hakumfanyi muuzaji kuwa tapeli. Lakini mbegu ya kweli ina chama chake, ina daftari la koo, ina wafugaji wengi wasiojuana. Mbegu inayofugwa na mtu mmoja tu, na jina lake amelitunga yeye mwenyewe, ni mchanganyiko.

Mchanganyiko si kosa. Kosa ni kuuuza kwa bei ya kitu kisichobadilika. Mkulima wa Mbozi au Mbarali hahitaji kufundishwa jambo hili, maana analijua kwenye mahindi chotara: msimu wa kwanza yanatoka yamelingana, ukiweka mbegu zake ukapanda tena, shamba linakuwa la kila aina, refu na fupi, hindi nono na guguta tupu. Mbwa chotara naye yuko hivyo. Watoto wa kwanza wa Labrador na Poodle wanaweza kufanana kiasi fulani. Wapandishe hao wao kwa wao, na kizazi kinachofuata kinatawanyika: huyu manyoya ya babu, yule miguu ya bibi, mwingine tabia ambayo hukuitegemea. Anayekuambia mbwa wake wa mchanganyiko "lazima" atakuwa hivi au vile anakuahidi asichokuwa nacho.

Huyo Labrador aliyechanganywa na Poodle ndiye aliyefungua mlango wa biashara hii duniani. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, aliombwa mbwa na mama mmoja kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa manyoya ya mbwa. Conron akapandisha Labrador na Poodle, wakazaliwa watatu. Kati ya hao watatu, mmoja tu ndiye hakumsumbua yule baba. Wale wengine walihitaji kwenda nyumba nyingine, lakini watu waliokuwa wakisubiri mbwa hawakutaka chotara. Alipowatangaza kwa jina jipya, Labradoodle, simu zikaanza kulia. Mbwa walikuwa walewale. Mwaka 2019 Conron alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, akiwaona wazalishaji wakichanganya mbwa ovyo na kuwauza kwa bei kubwa bila kujali afya zao.

Kwa hiyo ukiambiwa mbwa fulani "hana mzio kabisa", mkumbuke yule mmoja kati ya watatu. Kinachowasha watu kinatoka pia kwenye mate na magamba ya ngozi, na hakuna mbegu isiyo na mate. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, akakae na mbwa huyo huyo kwa saa kadhaa kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Rangi na ukubwa wa ajabu viulize maswali

Hapa ndipo hela nyingi zinapoliwa, na ndipo mbwa wanapoumizwa zaidi, kwa hiyo nenda polepole.

Rangi ya mawingu-mawingu, ambayo wauzaji wanaiita merle, ni ya kawaida kwa baadhi ya mbegu kama Border Collie, Australian Shepherd na Great Dane. German Shepherd hana. Rottweiler hana, yeye ni mweusi mwenye mabaka ya kahawia. Ukiona "German Shepherd merle" au "Rottweiler merle, wa kipekee", umeona kwamba kuna mbwa wa mbegu nyingine kwenye ukoo huo. Lipa bei ya mchanganyiko au achana naye. Kubwa zaidi ni hili: dume na jike wote wakiwa na rangi hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi vinasaba vyake pande zote mbili. Mtoto huyo mara nyingi huwa mweupe sehemu kubwa, na wengi wao ni viziwi, vipofu, au wana macho madogo yasiyokua. Muuzaji anayependa rangi kuliko mbwa hukutangazia huyo mweupe kama adimu kuliko wote. Simama nyuma yake, upige makofi mara moja asipokuona. Ndugu zake wakigeuka na yeye akaendelea kunusa sakafu, umepata jibu.

Rangi ya kijivu-bluu, ambapo mpaka pua inakuwa ya kijivu, hutokana na kinasaba kinachofifisha weusi. Baadhi ya mbwa hao wakikua hunyonyoka manyoya mgongoni na ngozi kuwasumbua maisha yote. Wapo wanaokaa salama, lakini rangi yenyewe haimwongezei mbwa ubora wowote.

Macho ya bluu kwa mtoto wa wiki tano hayana maana yoyote. Watoto wa mbwa karibu wote hufumbua macho yakiwa na ubluu, kisha rangi ya kudumu inakuja taratibu wiki zinavyosonga.

Mbwa wa "kikombe", wale wadogo wanaopigwa picha ndani ya kikombe cha chai, si mbegu. Ni watoto dhaifu waliochaguliwa kwa udogo, au ni watoto waliotolewa kwa mama kabla ya wakati wakauzwa kama wadogo wa asili. Sukari yao ya damu hushuka haraka wakikosa chakula kwa saa chache, magoti huchomoka, na wengine utosi haufungi. Upande wa pili wapo "King" na "Giant". Maelezo ya FCI yanampa German Shepherd dume kilo 30 hadi 40 na Rottweiler dume kilo kama 50. Anayejisifia mnyama mkubwa kupita hapo anajisifia mzigo kwenye nyonga ambazo kwa mbegu hizi tayari ni tatizo linalojulikana.

Wenye uso bapa, Pug na Bulldog wa Kifaransa, ni mbegu halali kabisa, ila kupumua kwao ni kwa shida tangu kuzaliwa. Majike wa Bulldog wengi huzaa kwa upasuaji, kwa hiyo muulize anayeuza: mama alifanyiwa upasuaji wapi, na nani? Mzalishaji wa kweli hasahau siku hiyo.

Hatua ya 4: Piga simu, uliza, sikiliza na yeye anavyokuuliza

Anza na mama. Kila kitu kinaanzia hapo. "Kaka, mama yao nitamwona?" Jibu la tapeli au dalali limezoeleka: "Mama yuko shamba Bagamoyo, bosi wangu. We nirushie ya kushikia tu, kuna mama mmoja wa Sumbawanga ananisumbua anamtaka huyo huyo." Sikiliza jinsi mama wa mbwa alivyo mbali na mama wa Sumbawanga alivyo karibu.

Endelea: mama ana umri gani, amezaa mara ngapi, mara ya mwisho lini? Baba ni wako au ulikodi? Kwa nini umewapandisha hawa wawili? Nyonga zao zimewahi kupigwa eksirei? Nikipata uhamisho nikashindwa kumfuga, utampokea? Swali hili la mwisho linachuja sana. Anayejali watoto wake atakuambia mrudishe kwake usimgawe ovyo.

Naye mfugaji mzuri atakuhoji mpaka uchoke. Atauliza uzio, chakula, watoto, kama umewahi kufuga, mbwa aliyepita alikufa na nini. Anayekuuliza tu "unatuma kwa mtandao gani" anauza, hafugi.

Picha zipitishe kwenye Google Lens. Picha nyingi za mbegu adimu zimechukuliwa kwenye kurasa za Marekani au Urusi. Kisha omba video ya moja kwa moja, mtoto akiwa ananyonya, na muuzaji ataje jina lako na siku ya leo. Mwenye mbwa anafanya hivyo kwa dakika moja. Asiye na mbwa ataanza kulalamikia bando.

Hatua ya 5: Nenda kwenye banda

Kama huwezi kwenda, tuma ndugu. Kila mtu wa Mbeya au Iringa ana shangazi au binamu Dar. Usikubali kukutana stendi, sheli wala kwenye maegesho ya hoteli. Wanaokwepa kukuonyesha banda wana sababu. Na usiende mwenyewe mabanda mawili siku moja ukiwa na viatu vile vile, maana unaweza kubeba ugonjwa kutoka huku kwenda kule.

Ukifika, kabla ya watoto, mwangalie mama. Chuchu zake zimevutika na maziwa? Watoto wanamkimbilia? Jike aliyewekwa pale kwa ajili ya wageni huwanusa watoto na kuondoka, na tumbo lake limekaza kama la jike asiyenyonyesha. Angalia anavyokutazama wewe na bwana wake. Mama mwenye woga wa kutetemeka au mkali asiyetulizika huwapa watoto tabia hiyo kwa damu na kwa mfano.

Vuta hewa. Banda la watoto wanane litanuka kidogo, hiyo ni kawaida. Harufu kali ya dawa iliyomwagwa dakika chache kabla hujafika, au harufu ya kuharisha yenye damu, ukiikuta hiyo, ondoka. Hesabu mbegu zilizopo: mtu mwenye German Shepherd, Chihuahua, Boerboel, Maltese na Husky, wote wana watoto kwa pamoja, hana muda wa kumjua hata mmoja.

Sasa mshike mtoto. Inua mdomo wa juu uone fizi: ziwe za waridi. Zibonyeze kwa kidole, zigeuke nyeupe, halafu rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi za rangi ya karatasi ni minyoo mingi, kupe au ugonjwa. Hesabu meno: mtoto wa wiki nane ana meno yake 28 ya utotoni. Ukiambiwa ana miezi miwili na magego ya nyuma bado, ni mdogo kuliko wanavyosema, na hakutakiwa kuachishwa mama. Fungua masikio, nusa. Pitisha kidole kati ya vidole vya miguu, kupe wanajificha hapo. Tumbo lililovimba kama puto na mbavu zinazoonekana ni minyoo. Mwisho chukua kitambaa cheupe, kilowanishe, futa manyoya yenye ile rangi ya ajabu. Rangi ya kupaka hubaki kwenye kitambaa.

Hatua ya 6: Kadi ya chanjo na karatasi za ukoo

Kadi ya chanjo ya kweli ina kitu kidogo ambacho wengi hawakitazami: lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo ikabandikwa kwenye kadi, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Pembeni pana tarehe ya kuchanjwa, sahihi na muhuri wa daktari. Kadi iliyojazwa chanjo tatu kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila lebo hata moja, imeandikwa siku moja mezani.

Piga hesabu ya tarehe. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu. Kadi inayosema mtoto wa wiki saba "amemaliza zote pamoja na kichaa" imejisemea yenyewe. Mpigie daktari aliyetajwa. Wataalamu wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa hiyo jina lake linaweza kuulizwa.

Karatasi za ukoo ni jambo jingine. Cheti chenye nyota za dhahabu mtu yeyote anachapisha stationery. Uliza kimetolewa na chama gani, kisha uliza chama chenyewe kwa namba ya usajili wa mama na baba. Mbwa anayesemwa ametoka Kenya anaweza kuwa na karatasi za East Africa Kennel Club ya Nairobi. Wa Afrika Kusini, za KUSA. Kama ana chipu chini ya ngozi, ipitishwe mashine mbele yako: zitokee tarakimu 15, ziwe zile zile zilizo kwenye karatasi. Na anayedai mbwa amevuka Tunduma kutoka kusini akuonyeshe kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya. Kama havipo, mbwa amepitishwa njia za panya, na ugonjwa alioubeba hakuna aliyeupima.

Hata hivyo karatasi nzuri zinaeleza mababu tu. Afya unaipima kwa macho na kwa daktari.

Hatua ya 7: Hela na basi

Hela ya kushikia isitoke kabla wewe au ndugu yako hajamshika mbwa. Wizi wa mbwa wa mtandaoni una mtiririko wake. Kwanza nusu ya bei. Kesho yake hela ya kreti. Kisha "kibali cha mifugo", kisha basi limekamatwa Mikumi na askari anataka chochote, kisha mbwa anaumwa anahitaji sindano, tuma na ya kutolea. Kila kiasi ni kidogo kuliko kilichotangulia, ili uone hasara kuacha. Kibali cha kusafirisha mnyama hutolewa na ofisi ya mifugo, na mwenye mbwa hukiomba kabla ya safari.

Ukinunua, andikianeni: majina kamili, namba za vitambulisho, maelezo ya mbwa, bei, na kwamba daktari wako akikuta ugonjwa ndani ya siku kadhaa mlizokubaliana, hela inarudi. Mwenyekiti wa mtaa au rafiki wa kila upande asaini kama shahidi.

Safari ya Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mtoto wa mbwa asiwekwe buti la basi. Joto la Morogoro na bonde la Ruaha humuua kabla hamjapanda Kitonga, na mwenye uso bapa hufa haraka zaidi. Mfuate mwenyewe, umweke miguuni kwenye kikapu, usimlishe sana kabla ya kuondoka, na umpe maji kila mnaposimama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahusu pia namna mnyama anavyosafirishwa.

Hatua ya 8: Akishafika

Mpeleke kwa daktari siku hiyo au kesho yake, kabla watoto hawajampa jina na moyo. Mtenge na mbwa wengine kwa wiki mbili, kwa sababu parvo huweza kukaa mwilini siku kadhaa kabla haijajionyesha. Akianza kukataa chakula, kutapika na kuharisha damu yenye harufu nzito, usingoje asubuhi. Kwa mtoto mdogo saa chache zinaamua, na maji ya mshipani ndiyo yanayomwokoa. Piga picha kila kitu na umjulishe muuzaji kwa maandishi.

Ukigundua umetapeliwa, usifute meseji. Itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha fuata maelekezo utakayopewa kuhusu namba iliyokutapeli. Toa taarifa polisi ukiwa na miamala yako yote, na waambie majirani jina alilotumia. Wengi wananyamaza kwa aibu, na huyo huyo muuzaji anahamia kwa mtu wa Makambako wiki inayofuata.

Na kama mbwa amekufa kwa parvo, sakafu ya saruji ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha Jik iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu 32, iachwe dakika kumi. Vyombo vya plastiki na matandiko choma. Udongo wa uani hausafishiki kwa dawa, na kirusi hicho hukaa humo miezi mingi, hata mwaka. Ukitaka mbwa mwingine kabla ya hapo, chukua mkubwa aliyekwisha kupata chanjo zote.